Keki ya Mchanga

Shule niliiacha darasa la nne, na siogopi kusema. Wenzangu waliobaki darasani wakaandika insha, mimi nikashika nyundo. Leo ukifika soko la Kibuye, Kisumu, ukauliza nani anatengeneza jiko lisilopasuka na karai lisilovuja, utaelekezwa kwangu hata na watu ambao hatusalimiani. Banda langu lilikuwa la kwanza pale kuwa na mlango wa chuma, na huo mlango niliuchomelea mwenyewe. Nyumba ya mawe niliyomjengea baba yangu kule Asembo ina mabati ya rangi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili mjue ni mtu wa aina gani aliyeshindwa na keki.

Mama yangu alipika keki mara moja tu kwa mwaka, siku ya Krismasi. Hatukuwa na oveni, na sidhani kama alikuwa amewahi kuona moja. Alichukua sufuria kubwa nyeusi, akamwaga ndani mchanga wa ziwani uliooshwa na kuanikwa, akaipandisha juu ya mafiga. Mchanga ulipopata moto kiasi kwamba tone la maji linaruka kabla ya kutua, alitumbukiza ndani sufuria ndogo yenye keki, akafunika kwa bati, kisha akapanga makaa mekundu juu ya bati. Moto chini, moto juu. Ndiyo maana tuliiita keki ya mchanga, ingawa sijawahi kutafuna hata punje moja ya mchanga ndani yake.

Haikuwa nyeupe kama za madukani. Ilikuwa na viazi vitamu vilivyopondwa na sukari nguru kutoka upande wa mashamba ya miwa, kwa hiyo rangi yake ilikuwa kama udongo uliotoka kunyeshewa. Pembeni, pale nguru iliposhika sufuria, kulikuwa na ukoko unaonata kwenye meno. Katikati ilikuwa laini na yenye unyevu, unaibonyeza na kidole inarudi yenyewe. Baada ya kuku na wali, baba alikata. Kipande cha kwanza alipewa aliyetoka mbali kuliko wote. Huo ndio ulikuwa mtindo wa nyumba yetu, na kila mwaka tulibishana kwa kelele nani ametoka mbali.

Mama alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Krismasi iliyofuata, baba alikwenda kanisani peke yake, akarudi, akafunga geti. Tulifika na kuku wetu tukamkuta amelala. Mwaka wa pili alituma ujumbe mapema tusijisumbue. Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi bandarini Mombasa, akaandika kwamba kama hakuna mkutano nyumbani, yeye haoni kwa nini apoteze likizo. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Bondo, akaanza kula Krismasi kwa wakwe. Mimi nikaona wazi: geti likifungwa mwaka wa tatu halitafunguka tena. Kila mtu atazoea kwake, na mzee atazoea kula ugali peke yake katika nyumba ya mabati ya rangi.

Nikaenda kumwona. Alikuwa kwenye veranda, anasuka kamba ya kitanda.

"Baba, mwaka huu tunakuja sote."

"Kufanya nini?"

"Kula Krismasi."

"Krismasi ilikuwa ya mama yenu. Ameondoka nayo."

"Kuku wapo, mchele upo, watu wapo."

"Na keki?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Mdomo wangu, ambao umenifikisha mbali, ukajibu kabla yangu: "Nitaileta."

"Ya duka? Ile inayofungwa kwenye karatasi kama sabuni?"

"Ya mama. Ile ile."

Aliacha kamba, akaniangalia kutoka viatuni hadi kofia. "Wewe?"

"Mimi."

"Basi sikiliza, wuoda." Ananiita hivyo, mwanangu, akitaka kunibana. "Ukileta ile ile, geti nitalifungua kwa mkono wangu. Ukileta nyingine, mtaila huko barabarani, na mbuzi wa jirani watawasaidia."

Mtu mwingine angekwenda kwanza kujaribu, kisha atangaze. Mimi nilirudi Kisumu nikamwandikia ndugu yangu siku hiyo hiyo: keki ya mama imepatikana, omba likizo.

Hakikuwa kimepatikana chochote. Mama hakujua kuandika, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anapimaje. Aliyekuwa karibu naye jikoni ni dada yangu, kwa hiyo nikaenda Bondo. Nilimkuta anaanika nguo.

"Nani amekuambia mimi najua?"

"Wewe ndiye ulikuwa jikoni."

"Nilikuwa jikoni kulamba mwiko," akasema. "Wewe je? Ulikuwa unagonga mikebe nyuma ya nyumba, tunapiga kelele unyamaze."

Hata hivyo aliweka nguo chini. Akafumba macho, mikono ikaanza kutembea hewani kana kwamba meza ya mama iko mbele yake. "Unga, gorogoro moja. Imejaa mpaka juu, halafu anapitisha kiganja hivi, kusawazisha. Mayai kumi. Nguru madonge mawili, anayayeyusha kwanza. Viazi vitamu vinne, kila kimoja kama ngumi ya baba. Maziwa lala, kile kikombe cha bluu, mara mbili. Magadi, ncha ya kijiko tu. Mafuta, anakadiria kwa macho."

"Una uhakika na gorogoro?"

"Namwona akipitisha kiganja kama ni leo."

Kikombe cha bluu alikuwa nacho yeye. Vyombo vya mama viligawanywa baada ya matanga, kila mtu akachukua chake. Akanipa hicho kikombe kimefungwa kwenye leso, akasema nikikivunja nisirudi Bondo.

Nikarudi na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Gorogoro, kwa ambao hawajawahi kununua mahindi sokoni kwetu, ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Ukiisha mafuta unakuwa kipimo cha kila kitu: mahindi, maharagwe, njugu, na omena, wale dagaa wa ziwani. Na mikebe ndiyo kazi yangu. Nilichukua mpya kabisa, nikautia mpini, nikaung'arisha. Kisha nikatengeneza oveni ya bati zito yenye rafu mbili, droo ya makaa chini na nyingine juu. Nilitaka mama aone huko aliko kwamba mwanawe ameacha mambo ya mchanga.

Keki ya kwanza ilitoka tofali. Ilikuwa imepasuka katikati kama shamba wakati wa kiangazi, na kisu kiliingia kwa shida.

"Unga umezidi," mke wangu akasema. Yeye ndiye aliyekoroga, mimi nilikuwa msimamizi.

"Dada alisema gorogoro moja."

"Nimesikia. Lakini mkono wangu unaniambia umezidi."

"Mkono wako haukuwa Asembo."

Neno hilo aliliweka akiba. Nikabeba kipande kwenda nacho kazini. Jirani yangu wa banda, fundi wa baiskeli, alitafuna, akatafuna, akanywa maji.

"Omera, rafiki yangu," akasema, "hii usiile. Weka nyuma ya gurudumu la lori, lisirudi nyuma."

Mara ya pili tuliongeza maziwa, vikombe vinne badala ya viwili. Ikaiva nje, ndani ikabaki uji. Mke wangu akasema tena, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Punguza unga, Baba watoto." Nikamjibu kwamba mama hakupunguza. Nilikuwa na hakika kosa liko kwenye moto. Labda mama alijua kitu kuhusu mchanga ambacho bati langu halikijui. Basi nikaweka oveni pembeni, nikaenda ufuo wa Dunga na gunia.

Akina mama waliokuwa wakiparua samaki ufuoni waliniona nikichota mchanga nimevaa suti yangu ya Jumapili.

"Mzee, gunia moja tu? Unajenga nyumba ya panya?"

"Napika keki," nikasema.

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika Uganda. "Jameni, mke amemwacha! Na hizi samaki utatia ndani ya keki ama juu?"

Niliwaambia wangoje, Krismasi ikipita watanunua keki kwangu. Mmoja akanipa samaki mdogo, ngege, bure, akasema ni pole ya kuachwa.

Keki ya mchanga wa Dunga ilinukia vizuri. Ukoko wa pembeni ulikuwa ule ule, na nilipouonja nilisimama pale uani na kijiko mkononi, nikasahau niko wapi. Lakini chini ya ukoko bado kulikuwa na tofali. Kavu, nzito, imepasuka.

"Hata ukibeba ziwa lote ulilete hapa," mke wangu akasema, "unga umezidi."

Wiki moja kabla ya Krismasi barua ikaja kutoka Mombasa. Ndugu yangu amepata likizo, amekata tikiti, anakuja na watoto. Aliandika pia kwamba watoto wake hawajawahi kuonja keki ya bibi yao, amewasimulia mwaka mzima. Nilisoma hiyo barua mara mbili. Nimewahi kulala nje mwaka niliofika Kisumu na sikuogopa. Siku hiyo niliogopa. Niliona watoto wale wamesimama nje ya geti la Asembo, na mimi na tofali langu.

Nikaenda kwa baba nikiwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nimeshindwa, afungue geti hivyo hivyo kwa ajili ya watoto. Lakini nilipomwona kwenye veranda maneno yakarudi tumboni. Nikasema nimekuja kuazima sufuria kubwa ya mama.

"Iko jikoni kwake," akasema bila kuinua kichwa. "Mlango unabana. Sukuma kwa bega."

Jiko la mama lilikuwa lile lile la udongo, sikuwahi kuruhusiwa kulibomoa. Sufuria ilikuwa imefunikwa kifudifudi kwenye kona. Juu, kwenye boriti, kulikuwa na mkebe wa gorogoro wenye kutu kidogo, na ndani baba ameweka njugu za mbegu. Niliushusha ili nitoe vumbi. Nikatia mkono ndani kuangalia kama wadudu wameingia, na vidole vikagusa chini kabla ya wakati.

Mtu mwingine asingesikia kitu. Lakini mimi nimeshika mikebe tangu ndevu hazijaota. Najua chini ya gorogoro kuko wapi, hata gizani.

Nikamwaga njugu kwenye sufuria, nikageuza mkebe. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kuingia ndani, kikapanda kama mgongo wa kobe. Kwenye bati kulikuwa na alama za nyundo, kila alama na pengo dogo upande mmoja, kama mwezi mchanga. Nyundo yangu ya kwanza ilikuwa imemeguka upande mmoja. Nilikaa chini pale pale, kwenye kigoda cha mama.

Sasa itabidi niseme jambo ambalo sijawahi kusema pale Kibuye. Huwa nawaambia watu kwamba nilianza na nyundo moja na jasho. Ni kweli, lakini sijawahi kusema nyundo hiyo ilikuwa inagonga nini. Miaka ile ya themanini, nilipokuwa kijana najifunza kazi, kulikuwa na wachuuzi waliotuletea mikebe yao ya kupimia tuwagongee kitako. Kitako kikipanda, mkebe unaonekana umejaa, na mnunuzi anaondoka na pungufu. Mwenzangu mmoja alikuwa hawezi kugonga bila kutoboa. Mimi niliweza. Hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza mjini. Na likizo moja nilimletea mama zawadi, maana alikuwa akiuza omena sokoni: gorogoro yenye mpini mpya, kitako nimekigonga vizuri kuliko chote nilichowahi kugonga. Sikumwambia. Nilidhani atagundua faida mwenyewe na kunishukuru.

Kivuli kikaziba mlango. Baba alikuwa amesimama pale, ameshika kizingiti.

"Umeuona," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Soko zima lilijua." Akaingia, akakaa kwenye gunia la makaa. "Alikwenda nao siku moja tu. Kulikuwa na mama mmoja mjane, anapimiwa omena kila wiki, anakwenda nyumbani anapima tena kwa mkebe wake. Siku hiyo alirudi. Akaweka mikebe miwili chini mbele ya watu wote, akamimina. Mama yako na cheo chake cha kanisani!"

"Akasema nini?"

"Atasema nini? Alimjazia yule mama, akaongeza na viganja viwili juu, akawaita wote aliowauzia asubuhi hiyo akawaongezea pia. Akarudi nyumbani bila omena. Mimi nikasema tuutupe huo mkebe ziwani. Akakataa. Akasema, huu mtoto wangu ameutengeneza kwa mkono wake, na mkono ni mzuri, ni kichwa ndicho bado. Sokoni hauendi tena. Utakuwa wa unga wa Krismasi, niache kukadiria kwa macho."

"Hakunigombeza hata siku moja."

"Alisema utakuja kuuona mwenyewe." Baba akakohoa, au alicheka, sijui. "Hakujua utachukua miaka yote hii. Wewe na kujifanya mwerevu."

Niliuweka ule mkebe magotini. Krismasi zote zilizofuata mama alipitisha kiganja juu ya unga, akasawazisha, na chini ya unga kulikuwa na kosa langu limekaa kimya. Viazi alivilinganisha na mkebe huo, maziwa na mkebe huo, mpaka keki nzima ikakaa sawa juu yake. Dada yangu hakudanganya, gorogoro ilikuwa moja kweli. Nani huangalia kitako cha mkebe akiwa anangojea kulamba mwiko?

Nilipomweleza mke wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Tukajaza unga kwenye gorogoro yangu inayong'aa, tukaumimina kwenye ya mama, na karibu robo nzima ikabaki.

"Mkono wangu haukuwa Asembo, eh?" akasema.

Nilistahili.

Keki yenyewe tuliipika Asembo, asubuhi ya Krismasi, katika jiko la mama. Mke wangu alikoroga, dada yangu alipitisha kiganja juu ya mkebe kama alivyomwona mama akipitisha, mimi nikapewa makaa. Kazi ya makaa hakuna anayenishinda. Chini nilipunguza, juu nikaongeza, na nilijua imeiva kwa harufu kabla mtu hajafunua. Ilipotoka haikuwa imepasuka. Dada yangu aliibonyeza na kidole, ikarudi yenyewe. Akageuka haraka akasema moshi umemwingia machoni.

Mimi nilikuwa nimeketi nje kunawa masizi niliposikia mnyororo wa geti. Baba alikuwa amekwenda kulifungua bila kuonja, bila kuuliza kitu. Harufu ilikuwa imemfikia verandani.

Ndugu yangu na watoto wake waliingia na mizigo yao ya Mombasa. Baba alikata keki baada ya chakula. Kipande cha kwanza alimpa mtoto mdogo wa ndugu yangu, akimwambia yeye ametoka mbali kuliko wote. Mtoto akasema baba yake naye ametoka mbali vile vile, na kelele za zamani zikaanza upya kana kwamba hazikuwahi kukatika. Baba alikula chake polepole. Alikwangua ukoko kwenye sahani kwa kidole, akalamba, akasogeza sahani mbele apewe kingine. Sikumwuliza kama ni ile ile.

Jioni tulipokuwa tunafunga mizigo nikachukua ule mkebe niuweke kwenye kikapu chetu. Baba akaunyakua mkononi mwangu.

"Huu unabaki."

"Baba, wakati mwingine tutapikia Kisumu. Nina oveni kubwa."

"Oveni yako ipikie mandazi. Anayetaka kupima unga wa keki, aje apimie hapa." Akaenda kumimina njugu zake ndani, akaurudisha kwenye boriti.

Mimi ni fundi. Ule mkebe ningeweza kutengeneza mfano wake kwa nusu saa, kitako na kila kitu, na nyundo ile iliyomeguka bado ninayo. Dada yangu ameniomba mmoja, ndugu yangu ameniomba, hata mke wangu. Wote nimewajibu kwamba sijapata nafasi, kazi ni nyingi, na kila Krismasi tunakutana Asembo, mlango wa jiko tunausukuma kwa bega, na njugu za mbegu tunazimwaga kwenye sufuria kwanza.